Grauti Isiyoshika Madoa

Jumatatu ya pili ya Mei mwaka wa 2008, saa nne asubuhi, Wanjugu aliingia katika duka la vifaa vya ujenzi la Pradeep, nyuma ya soko la Nakuru, akiwa na kigae kimoja mkobani, kimefungwa kwa gazeti la juzi. Alikuwa amekibandua kwa kisu cha mezani kutoka ukuta wa jikoni kwake, pale juu ya jiko la gesi. Kingoni kilikuwa bado kimeng'ang'aniwa na vipande vya grauti, ile simenti laini ambayo fundi hujazia mianya kati ya kigae na kigae. Vipande hivyo vilikuwa na rangi tatu: kijani upande mmoja, kahawia upande wa pili, na kwenye pembe kijivu chenye kuelekea buluu.

Mbele yake mzee mmoja alikuwa akinunua misumari ya mabati, akiikagua mmoja mmoja. Wanjugu alisubiri mpaka mzee akaridhika, kisha akakiweka kigae juu ya kaunta.

"Nataka grauti isiyoshika madoa," alisema.

Pradeep alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa mji huohuo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alikiinua kigae kwenye mwanga wa mlango, kisha akakinusa.

"Mama, wewe unapika nini?"

"Mimi napika githeri. Waru na kabeji. Jumapili chapati. Lakini haya madoa si ya chakula changu."

Akamweleza. Alhamisi alipika waru, yaani viazi, ukuta ukapata managu, ile mboga chungu ya majani, ya maziwa. Ijumaa hakupika chochote, walipasha kiporo tu, lakini ukuta ukapata chai. Jumamosi ukapata ugali wa wimbi, na yeye hajaingiza unga wa wimbi nyumbani mwake tangu aolewe. Kile kijivu hakukijua mpaka mumewe, ambaye huendesha lori la maziwa na hujua kila namna ya maziwa, alipokiramba kwa ncha ya ulimi na kusema ni mursik, maziwa ya kibuyu yaliyotiwa masizi ya mti.

Pradeep aliandika kwenye daftari: managu, chai, wimbi, mursik. Aliandika malalamiko ya wateja wote hivyohivyo, kwa sababu kila grauti ina kitu chake kinachoishinda. Mama yake mwenyewe, Bhagwanti, alikuwa ameshinda aina tatu kwa manjano peke yake. Alipomaliza kuandika alikigeuza kigae, akaona kikonyo chembamba cha mzeituni kilichochorwa kwenye pembe, na mkono wake ukatulia.

"Hii ni ya mtaa wa Section 58," alisema. "Ni nyumba ya Jepchumba."

Alimkumbuka vizuri. Mwaka wa 2003 Jepchumba, aliyekuwa muuguzi katika zahanati moja mjini, alikuja dukani Jumamosi tatu mfululizo kuchagua grauti. Jumamosi ya kwanza alibeba vipande vya mfano nyumbani. Ya pili alivirudisha vikiwa vimepakwa samli, chai ya rangi na masizi ya kibuyu, kila kimoja kimeandikwa tarehe kwa kalamu. Ya tatu akachagua. Pradeep alikuwa ameuza grauti miaka thelathini na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuichagua kwa moyo namna ile. Aliuliza Jepchumba yuko wapi siku hizi.

"Alihamishwa kikazi," Wanjugu alisema.

Pradeep alimtazama kidogo, akavua miwani, akaipangusa, akageukia rafu. Alimshauri achukue grauti ya simenti rangi ya krimu, pamoja na dawa ya kupaka juu yake ili izibe vitundu vidogovidogo. Ilikuwa na dhamana ya miaka miwili. Kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu alimsomea maandishi madogo yaliyokuwa nyuma ya pakiti: dhamana ilihusu mafuta, chai, mchuzi na maji ya matunda. Haikusema vimepikwa wapi.

Wanjugu na mumewe Kamunya walikuwa wametoka Subukia mwanzoni mwa Machi. Waliuza kipande chao cha kahawa wakainunua nyumba hiyo kupitia dalali, haraka, kama watu wengi walivyonunua na kuuza haraka mwanzo wa mwaka ule, baada ya ghasia za uchaguzi. Januari dada yake Wanjugu alikuwa amefika kutoka Kuresoi akiwa na sufuria na blanketi, akalala wiki tano kwenye hema katika uwanja wa maonyesho. Baada ya hapo hakuna mtu katika ukoo wao aliyeuliza maswali mengi kuhusu nyumba yenye paa. Dalali alisema mwenye nyumba amehamishwa kikazi. Mapazia yalikuwa bado yananing'inia. Kabatini kulikuwa na chupa ya karafuu, na nyuma ya mlango gauni la kazi la muuguzi, limepigwa pasi. Wanjugu alilikunja gauni akaliweka juu ya kabati. Mapazia aliyafua akayarudisha palepale.

Ukuta wa vigae jikoni ndio uliompendeza Kamunya kuliko kitu chochote. Siku ya kwanza alisimama mbele yake na kofia mkononi, kama mtu aliyefika kwa wakwe. Kila mstari ulikuwa umenyooka. Alimwambia mkewe kwamba mtu aliyepanga ukuta huu hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Madoa yalianza wiki ya pili. Yalitokea jioni, mwendo wa saa kumi na moja na nusu, saa ambayo Wanjugu mwenyewe huwasha jiko. Hayakuruka kutoka kwenye sufuria yake. Yalijitokeza tu ndani ya grauti, polepole, kama jasho mgongoni mwa shati. Wanjugu alisugua kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Kamunya alirudi kutoka safari ya maziwa, akavua viatu, akachukua mswaki wa zamani, akasugua mistari ya juu ambayo mkewe hakuifikia. Walisugua pamoja namna hiyo karibu kila jioni, bega kwa bega, wakisimuliana mambo ya siku, na ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa wameanza kuizoea ile kazi.

Fundi aliitwa Shiundu, mtu mpole aliyewahi kufanya kazi kwenye machimbo ya udongo mweupe kule Kariandusi kabla ya kujifunza kupanga vigae. Alikuja Jumanne, akakwangua grauti ya Jepchumba, akajaza ile ya krimu, akaipangusa kwa sponji, na baada ya siku tatu akaja kupaka dawa. Ukuta ukawa kama mpya.

Jioni hiyohiyo ya dawa ukapata mahindi.

Si githeri. Wanjugu aliijua githeri, ina maharagwe, na maharagwe huacha wekundu wake. Haya yalikuwa mahindi matupu yaliyochemshwa. Kesho yake yakaja tena mahindi, na kesho kutwa pia. Ule ukijani wa managu ulipotea, na mursik ukapotea. Chai ikaja bila maziwa, nyepesi kama mkojo wa mtoto. Wiki moja baadaye grauti iliyo juu kabisa ya jiko ilianza kuwa nyeusi. Wanjugu alipitisha kidole, akakitazama. Yalikuwa masizi ya kuni. Wao walitumia gesi.

Kamunya alipofika alichukua mswaki kama kawaida. Wanjugu alikuwa amekaa kwenye stuli, hasugui.

"Mtu aliyehamishwa kikazi hapiki kwa kuni mbichi," alisema.

Kamunya aliendelea kusugua mstari mmoja mpaka mwisho. Kisha akauweka mswaki kwenye sinki.

"Hakuhamishwa. Mume wake alitia sahihi amesimama, juu ya boneti ya gari, kwenye njia ya Mogotio. Hakusoma karatasi. Aliniuliza tu kama tangi bado lina maji." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Dalali alisema tusipochukua sisi atachukua mwingine. Nilijua, Wanjugu."

"Na mimi nilijua," Wanjugu alisema.

Aliinuka akapika chai, ya maziwa, akatia iliki, wakainywa wakiutazama ukuta.

Wiki iliyofuata Wanjugu alirudi dukani. Pradeep alisikiliza, akaongeza mahindi na masizi kwenye daftari, akapiga simu kwa kampuni ya grauti kule Nairobi. Mwanamke wa huko alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba asubiri, akarudi na jibu kwamba dhamana inahusu chakula kilichopikwa ndani ya jiko husika tu. Pradeep alimwambia Wanjugu kwamba hilo ni jambo la haki, ukilifikiria.

"Basi kuna epoksi," alisema. "Hii si simenti, ni gundi. Ikikauka ni kama kioo. Manjano ya mama yangu yalishindwa. Hakuna kitu kitapita hapo, mama, kiwe cha kwako au cha mwingine."

Shiundu hakuipenda epoksi, kwa sababu hukauka haraka na haikusamehe ukikosea. Lakini aliifanya kazi hiyo vizuri, mstari kwa mstari, akizuia pumzi. Wanjugu alimpa chakula na kumshukuru.

Siku ya kwanza ukuta ulikaa mweupe. Wanjugu alipika sukuma wiki na nyama, mafuta yakarukia vigae, akapangusa mara moja kwa kitambaa na yakaisha. Siku ya pili hivyohivyo. Kamunya alirudi, akavua viatu, akautazama mswaki, akaenda kukaa sebuleni na redio. Siku ya nne Wanjugu alijikuta amesimama jikoni saa kumi na moja na nusu, mikono imekunjwa, anangoja. Siku ya sita alisogeza uso ukutani akanusa. Siku ya nane alimuuliza Kamunya anaonaje: ni epoksi iliyozuia, au ni kwamba huko hakukupikwa kitu?

Kamunya alisema hajui. Alisema pia kwamba swali hilohilo limekuwa likimkaa kichwani njia nzima kutoka Subukia, mpaka amepitiliza vituo viwili vya maziwa na ikabidi arudi.

Siku ya kumi na moja Wanjugu alimpigia Shiundu simu. Alimwambia akwangue mstari mmoja tu, ule ulio juu ya jiko, na aujaze na kitu kinachoshika madoa kuliko vyote duniani. Shiundu hakuuliza sababu. Alikuja na simenti nyeupe, na mfuko mdogo wa udongo wa Kariandusi ambao alikuwa ameuhifadhi tangu aache kazi kule. Aliuchota kwa viganja kumwonyesha, mweupe kama unga wa ngano na mwepesi kama hauko. Alisema udongo huo hunywa chochote unachopewa, hata pumzi ya mtu. Akachanganya nusu kwa nusu, akajaza mstari. Ulikuwa bado haujakauka ulipoanza kubadilika rangi.

Ilikuwa uji, uji wa maji mengi. Wanjugu alikaa kwenye stuli akautazama ukisambaa kutoka kigae hadi kigae, na alifurahi kiasi kwamba ilibidi apanguse macho kwa aproni kabla ya kumlipa fundi. Kesho yake hakukuwa na kitu. Keshokutwa ikawa chai bila maziwa.

"Jumapili tunaenda," alisema Kamunya alipoingia tu, hata kabla ya salamu.

Pradeep ndiye aliyejua pa kwenda, na alikuwa amejua hata siku ile alipouliza Jepchumba yuko wapi. Jepchumba alikuwa amepita dukani Machi kununua karatasi ya nailoni ya kuezekea, na aliacha maelezo ya mahali ili apelekewe: mbele ya Mogotio, baada ya mashamba ya mkonge, kwa kaka yake Kimaiyo, boma lenye mti wa mgunga wa njano getini. Kamunya aliazima pikapu. Walibeba gunia la waru, unga wa wimbi, mafuta ya kupikia, maharagwe, na mtungi wa maziwa ya asubuhi ileile. Juu ya kila kitu Wanjugu aliweka gauni la muuguzi, limekunjwa ndani ya mfuko. Njiani joto lilizidi na ardhi ikazidi kuwa nyekundu. Wanjugu alikuwa akifanyia mazoezi sentensi moja. Ilikuwa na maneno matatu: nyumba ni yako. Aliisema kimoyomoyo kupitia mashamba yote ya mkonge, na kila mara ilikuwa rahisi.

Jepchumba alikuwa mwanamke mrefu mwenye sweta la bluu na mikono ya mtu aliyezoea kunawa mara nyingi kwa siku. Mumewe alikuwa Eldama Ravine akitafuta kazi. Yeye alikuwa kwenye kijumba cha kupikia, mbele ya mafiga matatu, na alipowaona mlangoni hakuuliza wao ni nani. Alipangusa kigoda kwa ncha ya leso.

"Karibuni. Nilidhani utakuwa mnene," alimwambia Wanjugu. "Kwa yale mafuta unayotia kwenye chapati."

Wanjugu aliketi. Macho yake yalipozoea giza la moshi aliona ukuta ulio nyuma ya mafiga. Ulikuwa wa udongo, umekandikwa vizuri na kulainishwa kwa mkono, na juu yake kulikuwa na madoa ya nyanya, ya kabeji, ya mchuzi wa nyama. Yalijipanga kwa mistari iliyonyooka, ya kulala na ya kusimama, kama yamepigwa rula. Mstari mmoja ulikuwa bado mbichi. Ulikuwa na rangi ya chai yenye maziwa mengi.

"Iliki unaweka sana," Jepchumba alisema. "Lakini nimeizoea. Jumanne uliunguza vitunguu."

Wanjugu alikubali kwamba Jumanne vitunguu viliungua, simu iliita.

"Nilijua tu ni simu. Wewe huunguzi hivihivi." Jepchumba alisukuma kuni ndani. "Sasa niambie, kulitokea nini zile siku kumi na moja? Hakukuja kitu. Hata mafuta. Nilidhani mmefukuzwa na nyinyi."

"Ilikuwa epoksi," Wanjugu alisema.

Jepchumba alitikisa kichwa polepole, kama muuguzi anayesikia mgonjwa alikunywa dawa gani nyumbani. Alisema yeye pia Pradeep alimwonyesha epoksi mwaka ule wa 2003, na aliikataa. Kitu kisichoingiza kitu hakitoi kitu. Jikoni panataka kupumua. Wanjugu alimuuliza kama siku zile kumi na moja alikula. Jepchumba alisema siku nyingi alikula, siku mbili hapana, na akageuza mazungumzo, akauliza kama mparachichi wa nyuma ya nyumba umezaa.

Ulikuwa umezaa. Kamunya alieleza mparachichi kwa kirefu, tawi kwa tawi, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Jepchumba alisikiliza akitabasamu. Kamunya alipotoka kushusha magunia pamoja na Kimaiyo, wanawake wawili walibaki peke yao na moshi. Wanjugu alijua ndio wakati. Alifungua kinywa.

"Bomba la sinki linavuja," alisema. "Ulikuwa unalifungaje?"

Yule mwenzake alimtazama. Moto ulitoa cheche moja ikazimika sakafuni. Wanjugu alielewa kwamba hakuisema ile sentensi na hataisema, kwamba kahawa ya Subukia ilishauzwa na hawana pengine pa kwenda. Aliona pia kwamba Jepchumba ameielewa yote, ile iliyosemwa na ile iliyobaki, na kwamba alikuwa ameitegemea ya bomba tangu mwanzo.

"Unalizungusha nusu kushoto," Jepchumba alisema, "halafu unaliinua kidogo. Kidogo tu. Lina kiburi."

Akammiminia chai. Maziwa waliyoleta yalikuwa ndani yake, na kwa heshima ya mgeni alikuwa ameomba iliki kwa wifi yake.

Waliongea mpaka jua likaanza kulala. Waliongea juu ya zahanati, juu ya watoto wa jirani aliowazalisha Jepchumba kwa mikono yake, juu ya dada yake Wanjugu na hema lake. Jepchumba aliuliza hema lilikuwa la rangi gani. Jeupe, Wanjugu alisema, na Jepchumba akasema lao, walipofika kwa kaka yake Kimaiyo, lilikuwa jeupe pia. Gauni alilipokea, akalipeleka puani, akasema bado linanukia sabuni ya kule. Walipokuwa wakiagana karibu na pikapu alimpa Wanjugu kibuyu cha mursik, akakifunga kwa kitambaa kisimwagike.

"Msalimie Wangu, wa geti la kijani," alisema. "Yeye ndiye alikuja na wale waliotufukuza siku ile, akawaonyesha nyumba. Mwambie mimi ni mzima."

Wanjugu alisema atamwambia. Wangu alikuwa jirani yao wa mlango wa pili, mwanamke mchangamfu, mweka hazina wa kamati ya wakazi. Wiki waliyohamia ndiye aliyewaletea mkungu mzima wa ndizi.

Jumatano Shiundu alikwangua epoksi yote. Ilimchukua siku mbili na patasi tatu, maana epoksi haitoki kwa kubembelezwa. Akajaza ukuta mzima kwa simenti nyeupe na udongo wa Kariandusi. Pradeep aliwapa simenti hiyo akiwa na huzuni ya kitaalamu, akamwambia Wanjugu kwamba katika miaka yake yote dukani hajawahi kumuuzia mtu grauti kwa sababu inashika madoa, lakini mteja ni mteja. Alimwomba tu asimwambie mtu ameinunua kwake.

Ijumaa jioni Wangu alikuja kunywa chai, kama alivyozoea. Alikaa jikoni, akala mandazi mawili. Wanjugu alimpa salamu neno kwa neno, kama alivyotumwa. Wangu alitafuna mpaka akameza.

"Asante," alisema. "Na wewe ukimwona umsalimie. Mkono wake wa wimbi ulikuwa mzuri."

Ukutani wimbi ulikuwa ndio unaanza kutokea, kahawia iliyokoza, na ukijani wa managu pembeni yake. Wangu aliuangalia kwa muda, akainamisha kikombe, akauliza ni grauti ya aina gani hiyo, maana hata yeye alikuwa anataka kukarabati jiko lake na asingependa kupata shida kama hii. Wanjugu alimwambia aende kwa Pradeep aulize epoksi. Alimmiminia kikombe cha pili.

Miezi ikapita hivyo. Hati ya nyumba ilibaki kwa jina la Kamunya, kabatini, chini ya mashuka. Karibu kila mwisho wa mwezi pikapu ilikwenda Mogotio na gunia, na ikarudi na kibuyu. Wanjugu alijifunza kupunguza iliki, na wiki moja tu baadaye alianza kuiona kwenye chai ya mwenzake, kidogo, kama mtu anayepokezana nawe mzigo. Alipougua homa ya matumbo Agosti na kulala siku tano, Kamunya ndiye aliyepika, vibaya. Siku ya tatu kijana wa boda boda alifika getini na uji wa wimbi kwenye chupa, ametumwa kutoka mbali sana, na ujumbe kwamba huyo mwanamume aambiwe chumvi huwekwa mwishoni. Oktoba Jepchumba alipata kazi ya kibarua katika zahanati ndogo, na jioni ya mshahara wa kwanza ukuta ulipata kuku. Kamunya aliitwa kutoka sebuleni aje aone. Walisimama hapo wote wawili, mafuta yaking'aa mstari kwa mstari mpaka juu, na Kamunya akasema ni kuku wa kienyeji, huyo, jogoo. Mswaki ulikuwa umerudishwa bafuni siku nyingi.

Wangu naye alimaliza jiko lake. Shiundu aliipaka epoksi mwenyewe, na safari hii mkono wake ulikuwa umeizoea. Kazi ilitoka bila kasoro. Ukuta huo haujawahi kupata doa, si la nyanya wala la manjano. Pradeep anajivunia sana. Mteja akiwa na wasiwasi kuhusu epoksi humwandikia kwenye karatasi namba ya nyumba ya Wangu, geti la kijani, na Wangu humfungulia mwenyewe, humkaribisha, humwonyesha kila mstari, humwambia apitishe kidole.

Mwezi wa Desemba walikuja mume na mke waliokuwa wakijenga upande wa Lanet. Mwanamke alipitisha kidole, akakitazama, akaridhika. Kisha akainua uso. Dirishani kulikuwa kumeingia harufu ya managu na maziwa yanayochemka, na moshi wa kuni ndani yake. Aliuliza ni nani anayepika vizuri hivyo hapo jirani. Wanjugu siku hiyo alikuwa Subukia kwa mama yake, na nyumba yake ilikuwa imefungwa.

"Huyo ni Jepchumba," Wangu alisema, akalivuta dirisha, akalifunga.